Fulana Zenye Uso Wangu

Kwa miaka michache nilikuwa mtu mwema anayejulikana. Nasema hivyo bila kujisifu, maana kazi ya kujisifu niliimaliza wakati ule ule. Nina duka la fotokopi na madaftari mjini Bukoba, naishi Kagondo na mke wangu na watoto, na kabla ya hapo walionifahamu ni wale waliokuja kutoa nakala za vyeti tu. Kisha mtoto wa jirani akaunguzwa na uji. Nikaandika maneno machache kwenye kundi la simu la watu wa kwetu, nikaweka na picha ya mkono wake ukiwa na bandeji. Watu wakachanga. Walichanga wa Mwanza, wa Dar, hata wale walioko nje ya nchi ambao huwa wanasoma kimya mwaka mzima. Mtoto akatibiwa, akapona. Ningeishia hapo, ningebaki mtu wa maana.

Lakini nilinogewa. Ujumbe wa pongezi ulikuwa ukiingia nikiwa dukani, nami nausoma mpaka mwisho huku mteja amesimama anasubiri karatasi zake. Nikaanzisha kundi rasmi la kusaidia wasiojiweza, nikajiteua mwenyekiti, nikamwomba mwalimu mmoja wa chekechea, dada mchapakazi sana, awe katibu. Tukachapisha fulana za njano. Kifuani tuliweka uso wangu. Walioniuliza kwa nini uso wangu niliwajibu kwamba ni suala la uwazi, ili wafadhili wajue nani anahusika. Mke wangu alipoiona fulana ya kwanza aliitazama, akanitazama, akaenda kuosha vyombo.

Nikanunua stendi ya simu na taa yake. Nikajifunza kazi. Niligundua kwamba mtu anayepewa sukari akicheka mapema wachangiaji wanapungua, na kwamba mfuko wa unga ushikwe juu kidogo, usawa wa kifua, ili uso na mfuko vitoke pamoja. Haya yote nilimfundisha katibu, naye alikuwa mwanafunzi mzuri. Wakati mmoja, huko Muleba, nilimwomba mama mmoja mjane apokee godoro mara tatu. Mara ya kwanza bodaboda ilipita ikipiga kelele, mara ya pili mbuzi akaingia mbele ya kamera. Mama yule alilirudisha godoro kwa utulivu, akalipokea tena, akasema asante zake upya. Nikamsifu kwamba ana kipaji.

Sasa nieleze jinsi nilivyovunjika mguu, kwa sababu hadithi zilizozunguka ni nyingi na zote zinanipendeza kuliko ukweli. Tulikuwa tumerudi Muleba na pikapu iliyojaa magodoro ya kugawa kwa kaya ambazo nyumba zao ziliezuliwa na upepo. Watu walikuwa wengi, wamejipanga mbele ya zahanati, na nilitaka picha moja itakayowaonyesha wote. Nikapanda juu ya magodoro. Kutoka pale niliwaona vizuri, ila wawili wa pembeni walikuwa wanakatika. Nikarudi nyuma kidogo. Bado mmoja alikuwa anakatika. Nikarudi tena.

Nilianguka upande wa pili wa pikapu, kwenye mtaro. Magodoro yalibaki juu, yamefungwa kamba imara. Nilisikia mtu akisema kwa Kihaya kwamba huyu bwana ameanguka kutoka kwenye magodoro, na mwingine akamwomba arudie, kwa sababu hakuamini alichosikia. Kisha wakanibeba. Wale wale waliokuwa wamejipanga kupokea ndio walionibeba, na wengine wao walikuwa wazee.

Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti. Hospitalini walinifunga hogo jeupe la plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, wakanilaza. Nilikuwa na bima ya afya, kwa hiyo wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa kulala kwa mgongo. Kesho yake mchana nilisinzia, na nilipoamka simu yangu ilikuwa inatetemeka mfululizo. Nikaifungua. Picha ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mwanamume wa makamo amelala hoi, mdomo wazi, amevaa singlendi yenye tundu karibu na kwapa. Nikamwonea huruma kabla sijamtambua.

Chini yake katibu alikuwa ameandika: "Aliyewalaza wengine pazuri, leo yeye amelala hivi. Ndugu zangu, tusimwache."

Nikampigia.

"Hiyo picha uliipiga lini?"

"Nilipokuja kukuona, Mwenyekiti. Ulikuwa umelala, sikutaka kukusumbua."

"Nina bima. Matibabu yamelipwa yote."

"Hilo la bima tusilitaje kwanza," akasema. "Linapoza watu. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Ni kweli, nilimfundisha. Nikamwomba angalau aweke picha nyingine, ile niliyovaa koti. Akasema kwa upole kwamba koti haliendani na hali.

Habari ikasambaa kwa kasi ambayo mimi, katika kampeni zangu zote, sikuwahi kuifikia. Ikifika kwa mtu mmoja mguu umevunjika, ikifika kwa wa pili unakatwa. Mtu wa Mwanza alimpigia mke wangu kuuliza mazishi ni Kagondo au Kanazi. Mke wangu akamjibu kwamba marehemu yuko hapa anakula ndizi kwa maharage, kama ana ujumbe atampa.

Kanazi ndiko nyumbani kwetu, na ndiko anakoishi mama yangu, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba. Hana simu ya picha. Habari ilimfikia kwa midomo, kutoka kisimani. Akaacha kahawa yake imeanikwa uani, akapanda gari, akaja mpaka wodini amefunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja msibani. Hakunisalimu. Alifunua shuka, akaushika mguu wenye hogo, akaufuata kwa kiganja mpaka akafika kwenye vidole. Akavihesabu.

"Waitu, mwanangu," akasema, "mbona mguu upo?"

"Upo, mama. Umevunjika tu."

"Nimelia kutoka Kanazi hadi hapa. Wenye gari wamekataa kunitoza nauli." Akafunika shuka. "Na huyo aliyesema umekatwa ni nani?"

Nikamweleza kuhusu mtandao, na wachangiaji, na jinsi habari zinavyokua njiani. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama wale watu niliokuwa nawapiga picha, mama zao nao walikuwa wanapata habari kwa namna hiyo. Nikasema sijui. Akatoa kwenye kapu ndizi alizozipika na kuzifunga kwenye majani, tukala. Mama alikuwa anazitazama nyufa za ukuta wa wodi mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, katibu alinitaarifu kwamba kundi litafika kunikabidhi mchango. Nikamsihi watume tu. Akasema waliochanga wanataka kuona. Basi wakaja, na hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa zile fulana. Mlangoni kwangu waliingia watu wengi wa njano, wanaume kwa wanawake, na kila kifua kina uso wangu unaotabasamu. Nilizungukwa na mimi. Mmoja wangu alibeba mchele, mwingine mche wa sabuni, na wawili wangu walikuwa wameshika godoro kila mmoja upande wake.

Katibu alisimama katikati ya sebule akaitazama kama mafundi wanavyotazama ukuta kabla ya kuuvunja.

"Mwenyekiti, hapa hapafai," akasema. "Kochi ni zuri mno. Na hili pazia."

"Pazia langu haliondoki," akasema mke wangu kutoka jikoni.

Kwa hiyo nikatolewa mimi. Walinikalisha uani kwenye mkeka, mgongo ukielekea banda la kuku, mguu umenyooshwa mbele. Televisheni ilikuwa inaonekana dirishani, wakaifunika kwa shuka. Majirani wakasogea. Katibu akaniomba nishike mfuko wa sukari, na bila kuambiwa nikaupandisha usawa wa kifua. Nikasema asante. Akasema sauti haikutoka. Nikasema tena. Akasema ilitoka, lakini nilikuwa kama mtu anayesoma tangazo, nijaribu kukumbuka maumivu. Nikajaribu. Ugumu ni kwamba siku hiyo mguu haukuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni jirani yangu mmoja, muuza samaki ambaye alikuwa anakuja kila asubuhi baada ya swala kunisaidia kwenda kuoga, na hakuna aliyemwona. Sasa alikuwa ameegemea ua, ananitazama nikiinua sukari, na nilijua anajitahidi asicheke kwa sababu ya heshima.

Tulipomaliza, katibu alizima kamera, akageuka kuchukua mkoba wake. Akaona soksi niliyovalishwa kwenye vidole vinavyotokeza kwenye hogo imedondoka. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akanivisha, akaikunja vizuri isitoke. "Vidole vinapigwa na baridi, Mwenyekiti," akasema, akaondoka kwenda kupanga watu kwa picha ya pamoja. Hapo ndipo machozi yalipotoka, bila mtu wa kuyaomba. Niliinama nikajifanya naikagua ile sabuni. Namshukuru Mungu kwamba simu ilikuwa imezimwa, ingawa sitaficha kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba tumepoteza sehemu nzuri kuliko zote.

Video ilitazamwa sana. Baada ya siku chache nikapigiwa simu kwa namba nisiyoijua. Alikuwa ni yule mama mjane wa Muleba, ameazima simu ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona. Pole na mguu."

"Asante sana."

"Umepokea vizuri. Ila ulikuwa unatazama chini. Mimi uliniambia nitazame kamera."

Nikacheka, naye akacheka. Nikamuuliza kama godoro linafaa. Akasema ni zuri, analilalia, halina tatizo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba ana jambo moja alikuwa hajapata namna ya kuniambia. Mwanawe aliyeko Dar alikuwa na kawaida ya kumtumia chochote kila mwezi. Alipoiona ile video ya godoro alipiga simu akasema, naona sasa mama una wafadhili. Tangu hapo hakutuma tena.

"Mimi simlaumu," akasema. "Wenzake kazini walimwonyesha. Walimuuliza, huyu si mama yako? Aibu ilimpata kubwa."

Niliomba radhi. Kwa mtu aliyezoea kuandika maneno ya kugusa mioyo, niliomba radhi vibaya sana, nikirudia neno moja. Akaniambia nisijali, nitunze mguu. Nilipokata simu niliifuta ile video. Lakini ilikuwa imeshachukuliwa na wengine, na mpaka leo huwa naletewa na watu nisiowajua, imewekewa muziki, wakiniuliza kama nami nimeguswa.

Yule mwanawe nilimtafuta. Mara ya kwanza alinikatia simu, na alikuwa na haki. Mara ya pili alinisikiliza. Nilimweleza kwamba mama yake hakuomba kitu, kwamba sisi ndio tuliomfuata, na kwamba zile asante zilikuwa nyingi kwa sababu ya bodaboda na mbuzi. Kwenye mbuzi alicheka kidogo. Akasema amesikia. Baadaye yule mama wa Muleba alinijulisha kwamba mwanawe amepiga, wameongea, na bati la kuezekea jiko limepatikana. Sikuuliza zaidi.

Mchango wangu ulibaki bila kazi. Nilitangaza kwenye kundi kwamba nilikuwa na bima tangu mwanzo na nikataka kuwarudishia. Wengi walikataa. Mmoja aliniandikia kwamba ameshamweleza mkewe amesaidia mgonjwa, sasa akirudishiwa atasema nini nyumbani. Tukanunua magongo ya kutembelea ya saizi mbalimbali, yapo dukani kwangu karibu na mashine ya fotokopi, anayevunjika anaazima na akipona anarudisha. Baadhi hawarudishi.

Uenyekiti nilimwachia katibu. Tulikubaliana kupiga picha vitu tu, bila watu, na michango ikashuka kama tulivyotarajia. Fulana mke wangu alizikusanya akazifanya matambara ya kudekia. Nimezoea sasa kuona uso wangu ukipita chini ya kochi.

Majuzi tulipeleka godoro Kashozi, kwa mzee mmoja anayeishi peke yake nyuma ya shamba la kahawa. Tukaliingiza ndani, tukamtandikia, tukamtakia usingizi mwema, tukaanza kuondoka. Mzee akatufuata hadi uani.

"Na picha?" akauliza.

Nikamweleza taratibu kwamba siku hizi hatupigi watu picha, kwa heshima yao. Nilieleza vizuri, naamini. Mzee alinitazama kwa mashaka, akaligeukia godoro kupitia mlangoni.

"Hili godoro ni la wizi?"

"Hapana, mzee."

"Basi nipigeni. Binti yangu yuko Muleba, mpelekeeni aone."

Akaingia ndani, akatoka amevaa koti na kofia ya kanisani, akaketi mbele ya nyumba yake, fimbo katikati ya magoti. Godoro hakutaka lionekane. Nilimpiga picha moja, nikaituma kwa namba ya binti aliyonitajia, na kabla hatujafika barabarani binti alikuwa ameshajibu, akiuliza baba yake alipata wapi hilo koti, ni sisi tuliompa?