Gari la Deraya la Turubai

Zubeda Mukandekezi alikuwa fundi wa kushona vitambaa vya viti vya magari na maturubai ya malori, mtaa wa Gitega, Kigali. Kiswahili chake hakikuwa cha sokoni. Alikipata kwa bibi yake, ambaye baba yake alikuja na msafara wa biashara kutoka Bagamoyo, akaoa hukuhuku na asirudi tena. Wateja walizoea kumtania kwamba anaongea kama redio. Basi mwezi wa nane mwaka 1992, Kiswahili hicho kilimwingiza katika shughuli za jeshi la nchi ambayo hakuwahi hata kuisikia.

Aliyemfuata ni Gatera, dalali wa saruji, jenereta na chochote kile kinachouzika. Safari hii alikuwa anauza magari ya deraya. Magari yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na kitabu cha picha kutoka Ulaya, na wageni wawili waliotumwa na Jamhuri ya Sherewani, visiwa vitatu vyenye askari mia moja na arobaini, wapiga tarumbeta wakiwemo. Wageni hao walikuwa wameambiwa kwamba Rwanda ni milima mitupu, kwa hiyo gari likipanda Kigali litapanda popote. Kisiwa chao kikubwa nacho ni mlima.

"Mama, hii watu inaongea Kiswahili ya ndani sana," Gatera alimwambia. "Mimi nasikia nusu tu. Wewe iko utanisaidia."

Zubeda aliwakuta kwenye hoteli moja ndogo ya Muhima. Mmoja alikuwa Kanali Shebe, mkuu wa majeshi yote ya Sherewani, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Wa pili alikuwa Bwana Mwinyikai, katibu wa wizara ya ulinzi, mwembamba, asiyevua koti hata juani. Walikuwa wamegombana ndani ya ndege. Kanali alitaka gari linalotembea kwa minyororo, katibu alitaka la magurudumu sita, na tangu hapo hawakusemezana.

"Bi Zubeda," alianza Kanali, "mwambie katibu kwamba minyororo haipati pancha."

Katibu alikuwa ameketi hapohapo, umbali wa mkono. Zubeda akamgeukia na kumwambia maneno yaleyale kwa Kiswahili kilekile. Katibu akayasikiliza kwa makini kama habari mpya, akafikiri, kisha akamwomba amjulishe Kanali kwamba minyororo itaichimbua barabara, na Sherewani ina barabara moja tu.

Siku tatu nzima Zubeda alifanya kazi hiyo, kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Mwanzoni aliona aibu kulipwa kwa jambo kama hilo. Baadaye aligundua kwamba akipunguza ukali kidogo hapa na pale, wazee wale walikula chakula chao kwa amani, akaona basi anastahili.

Siku ya nne Kanali alisema hawezi kuchagua kwa picha. Hata viatu, alisema, mtu hutia mguu kwanza. Gatera badala ya kukiri kwamba hana gari hata moja, alimvuta Zubeda pembeni na kumwomba ashone moja kwa turubai, ukubwa uleule wa kitabuni. Fremu ya vyuma vyembamba ingetengenezwa na Rugamba, mchomeleaji mwenye gereji kule Gatsata.

Zubeda alikubali kwa sababu ilikuwa kazi, na pia kwa sababu katika miaka ishirini ya kushona viti hakuna aliyewahi kumwomba kitu chenye mzinga. Alipima kwa futi yake ya kitambaa, akakata, akashona mishono miwili miwili kama anavyoshona ya malori. Mzinga aliujaza pamba usije ukalegea. Rugamba alipaka rangi ya kijani na kuchora magurudumu ubavuni.

Tatizo lilikuwa kilima. Kanali alitaka kuliona likipanda. Basi wanaume wanne wa gereji wakaingia ndani, wakainyanyua fremu, wakaanza kutembea nayo barabarani, Zubeda na wageni wakifuata nyuma. Hapo vita ilikuwa bado haijaisha kaskazini, na askari walikuwa wameweka kizuizi njiani. Sajenti wa zamu aliona gari la deraya linamjia taratibu, bila mngurumo, likiwa na miguu minane.

Alilisimamisha. Likasimama. Akalizunguka, akalibonyeza kwa kidole, likabonyea. Akataka kuona karatasi za gari. Zubeda akamjibu kwa heshima kwamba halina.

"Hii ni gari ama ni hema?" sajenti aliuliza.

"Ni nguo, afande."

Sajenti aliamua kwamba nguo haihitaji kibali, lakini ishike upande wake wa barabara.

Kule juu, Kanali aliingia ndani, akachungulia katika tundu la dereva na kutoka akiwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. Alisema ataliagiza la kweli, hata likiwa la magurudumu. Katibu akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Zubeda, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa na swali moja na alikuwa akilimeza kwa adabu, aliposhindwa kujizuia.

"Bwana Kanali, uniwie radhi, jambo hili si langu. Gari likifika kwenu litashukaje melini?"

Kanali alimgeukia katibu na kwa mara ya kwanza akamsemesha mwenyewe. "Litashukaje?"

"Kwa mashua," alisema katibu polepole. "Gati letu ni la mbao."

"Mashua inabeba nini?"

"Ng'ombe wawili. Wakitulia."

Kitabu kilisema gari jepesi kuliko yote lina tani nane. Wote wawili wakaketi majanini. Kanali aliuliza hili la turubai lina uzito gani, na Rugamba akasema kilo sitini, vyuma vikiwemo. Kanali akaeleza, macho chini, kwamba kwa hakika walilihitaji kwa gwaride la siku ya uhuru tu. Adui hawakuwa naye.

Walinunua mawili: moja lilichorwa magurudumu, la pili minyororo, asishindwe mtu. Gatera alilalamika kwamba jina lake litachekwa, kisha akawauzia na kamba za kufungia. Magari yale yaliondoka Kigali yakiwa yamekunjwa ndani ya masanduku.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata barua ilifika Gitega, imeandikwa na Kanali na kutiwa saini na katibu. Gwaride lilikwenda vizuri hadi mbele ya jukwaa, ambapo upepo wa bahari uliinua gari la minyororo juu ya vichwa vya askari waliokuwa ndani. Umati ulishangilia sana. Nchi jirani tayari ilikuwa imetuma ujumbe wenye wasiwasi kuuliza juu ya kifaru kinachoruka. Waliomba ushauri.

Zubeda aliisoma mara mbili. Akasogeza kiti cha Pijo alichokuwa akikishonea, akachukua kalamu, akawaandikia kwamba wafumue pindo la chini, walijaze mchanga mkavu, na walishone upya kwa uzi wa nailoni.