Ubao wa Kapita

Kila nikipita mahali wanapojenga nyumba ya mbao hapa Goma, harufu ya mkaratusi uliopasuliwa karibuni hunisimamisha. Ni harufu kali, ina kitu cha dawa ndani yake, na ikichanganyika na ya maharage makavu ndiyo inanimaliza kabisa: narudi kuwa mtoto wa shule ya msingi, macho yamevimba, pua inachuruzika, na nimekumbatia paka. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao zisizopigwa randa, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Ilikuwa na vyumba viwili na depo, yaani chumba cha magunia, na depo ndiyo iliyotulisha, maana Mama aliuza maharage kutoka mji wa Kiwanja. Penye maharage panya hawabishi hodi, kwa hiyo tulikuwa na paka, Kapita. Tulimpa jina la msimamizi wa wafanyakazi kwa sababu kila asubuhi aliyakagua magunia, mkia umesimama wima, halafu akaja kulala juu ya mto wangu kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Nami nilipiga chafya tangu kuamka. Shingo iliwasha, macho yakawa mekundu, kifua kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Goma mtoto akikohoa hakuna anayeumiza kichwa kutafuta sababu. Wote wanageuka kuutazama mlima. Msimu ule Nyiragongo ilikuwa ikitoa moshi mwingi, majivu yakitua juu ya mabati, na kila jirani alifunika mapipa yake ya maji ya mvua. "Ni vumbi ya volkano," Mama alisema. "Mutoto asitoke inje." Akaziba nyufa za mbao kwa matambara na makartoni, akafunga dirisha, na ili nisiwe mpweke akaniletea Kapita. Tukakaa humo wawili, siku baada ya siku, kwenye blanketi moja. Kadiri alivyoziba ndivyo nilivyozidi kukosa pumzi, na kadiri nilivyokosa pumzi ndivyo alivyozidi kuziba. Leo tukikumbushana tunacheka, lakini wakati ule alikuwa akisali rozari nje ya mlango wangu, na nilisikia sauti yake ikitetemeka.

Mwishowe akanipandisha kwenye lori lililokuwa linarudi kuchukua maharage, akaenda nami mpaka Kiwanja kwa dada yake, ili nipumue hewa isiyo na majivu. Hewa gani! Pikipiki za Kiwanja zilitimua vumbi mpaka migomba ya barabarani ikageuka rangi. Mimi nilikuwa nakimbia humo humo, kifua kimya, macho meupe, na Mama akinitazama bila kuelewa. Halafu asubuhi moja mvua ikanyesha, baridi ikaingia, akanitolea sweta niliyokuwa nimekuja nayo. Hata kichwa hakijapita vizuri nikaanza kupiga chafya. Mama alinivuta karibu, akainama juu ya ukosi wa ile sweta, akachomoa unywele mmoja wa kijivu.

"Vula ile sweta! Iko na nywele ya paka!" Akaketi juu ya gunia. "Kumbe mimi ndiye nilimufungia mutoto na ugonjwa yake ndani ya nyumba."

Tuliporudi Goma, muuguzi alimwambia kwamba nikiendelea kulala na paka, iko siku pumzi itagoma kabisa. Mama hakungoja. Mteja wake mmoja wa Butembo alikuwa anamtaka Kapita siku nyingi, akaahidiwa kumchukua. Nilimshika Mama kitenge.

"Usimupeane, Mama. Nitazoea."

"Utazoea kufa?"

Papa, baba yangu, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Alimaliza chai yake, akaenda kuugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. "Paka hatatoka," alisema. "Mutoto naye hatatoka. Nyumba ndiyo itasogea."

Asiyekulia kwetu atadhani ni mzaha. Lakini nyumba ya mbao ya Goma huvunjwa na kusimamishwa tena: misumari inang'olewa, inanyooshwa juu ya jiwe, mbao zinawekewa alama kwa makaa. Jumamosi ile niliketi nje nimefunga kitambaa puani, nikaona anga ndani ya chumba nilimozaliwa. Nilishikwa na hofu na furaha kwa pamoja. Jioni nyumba ilikuwa imesimama tena, depo ina mlango wake, chumba changu kina wake, na ukuta wa katikati mbao zake zimepandana hata unywele usipite. Nimeona watu wengi wakihamisha nyumba kwa sababu ya moto wa mlima. Kwa sababu ya paka, sijaona tena.

Sikuruhusiwa kumgusa Kapita. Lakini kule depo magunia yalipangwa mpaka usawa wa kitanda changu, na siku moja niliegemeza kiganja ukutani nikasikia ubao unanguruma. Alikuwa amejilaza upande wa pili. Mngurumo wake ulipita kwenye mti ukaingia mkononi mwangu, nikabana pumzi nisije nikaupoteza. Tangu hapo, kila nikitoka shule, niliweka kiganja palepale nikamsimulia mambo yangu, mpaka alipokufa kwa uzee.

Siku hizi dawa ya mzio inapatikana, nameza kidonge na paka wa binti yangu analala mapajani mwangu mchana kutwa. Nyumba tunayokaa na wazazi wangu ni ya matofali, na kuta zake hazipitishi kitu. Tulipovunja ile ya zamani ili tuijenge hii, Papa aling'oa ubao wa pembeni mwa kitanda changu, akaugeuza. Upande wa depo wote ulikuwa mkwaruzo na vibanzi, isipokuwa mahali pamoja, penye usawa wa kiganja changu, palipong'aa kwa ulaini. Papa alipapitishia kidole gumba mara kadhaa.

"Randa yangu haikupita hapa," alisema.

Nilidhani miaka yote ile ni mimi niliyekuwa namtafuta. Niliweka kiganja pale, kwa mara ya kwanza upande wake, nikalia.