Nyasi za Banda la Nkwimba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi nilivyosimama nyuma ya banda la nguruwe la mke wa shemeji yangu, nikalia. Sikufiwa, sikupigwa, wala sikuwa mgonjwa. Nililia kwa sababu ya nyasi. Cheka tu, mwanangu, hata mimi siku hizi nacheka, ingawa si sana.

Nilikuwa bado binti wa miaka ishirini na kitu, nimeolewa na Masanja katika kaya moja nje kidogo ya Dutwa. Miaka miwili baadaye mdogo wake, Shija, akaoa, akamleta Nkwimba. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Nkwimba hakunikosea kitu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angekuwa na ulimi mchafu ningepata pa kumshikia. Lakini wapi! Aliamka mapema, alinisalimia kwa heshima, aliniita dada. Alikuwa na kicheko cha kufanya watu waache majembe wamsikilize. Baba mkwe, ambaye miaka miwili mizima alikuwa akiniita mimi nimletee maji ya kunawa, akaanza kumwita Nkwimba. Wakila ugali wa Nkwimba waliongeza. Wakila wangu walisema wameshiba.

Roho iliniuma, mwanangu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa natabasamu mchana kutwa huku ndani nawaka.

Sasa, kwetu ng'ombe ni mali ya wanaume, hilo unalijua. Ili na sisi tuwe na cha kwetu, mama mkwe, ambaye sote tulimwita Mayu, alitupa kila mmoja nguruwe jike mdogo. Walikuwa ndugu, tumbo moja, na alitupa siku moja ili pasiwe na maneno. "Hawa ni wenu," alisema. "Hakuna mwanamume wa kuulizwa." Mimi niliangalia kwanza yupi mnene. Walikuwa sawa kabisa, na bado nikaona wa Nkwimba ana masikio mazuri zaidi.

Nguruwe wale wakakua, wakazaa, na kila mmoja wetu akawa na jike lake na vijana wake wanne ndani ya banda. Basi siku moja, pamba ikiwa imeanza kuvunwa, akaja dada mmoja msomi kutoka chuo cha kilimo. Aliitwa Daktari Tumaini. Alitaka kufanya utafiti juu ya maisha ya nguruwe wanaofugwa. Watu wakamuuliza kama anataka kujua uzito wao. Hapana, akasema, uzito watapima wengine. Yeye anataka kujua wanaishije: wanalala vizuri? Wanatafunana mikia? Wana cha kufanya mchana kutwa, au wanasimama tu wakitazama ukuta? Loo, wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Shemeji Shija akauliza kama na yeye anaweza kufanyiwa utafiti akiwa amelala.

Daktari hakukasirika. Alipenda kaya yetu kwa sababu ya wale majike ndugu. Alisema banda moja litatandikwa nyasi kavu nene na kuwekewa vipande vya magogo ya kuchezea, na la pili litabaki kama lilivyo, sakafu tupu ya udongo. Kisha atakuwa anakuja kila Jumanne na Ijumaa, anakaa saa moja kila banda, anaandika. Akiona tofauti, atapeleka nyasi vijiji vingine na kufundisha wanawake. Asipoona, basi, hakuna haja ya kusumbua watu.

Tukapiga kura. Alikunja karatasi mbili, akazitia kwenye kofia ya baba mkwe. Nkwimba akatoa ya nyasi. Mimi nikatoa ya kubaki kama nilivyo.

"Mama Limi, usihuzunike," Daktari aliniambia, akiniita kwa jina la kifungua mimba wangu, maana aliniona uso umenishuka. "Banda lako ni muhimu sawasawa na la mwenzako. Bila lako, la kwake haliniambii kitu."

Maneno mazuri kabisa, mwanangu, na hayakuniingia. Nilichosikia mimi ni kwamba Nkwimba amepata na mimi nimekosa, tena.

Nyasi zilikuja kwa gari kutoka Nassa, nyasi za mpunga, za manjano, zinanukia. Na ilikuwa kiangazi! Ng'ombe wetu walikuwa wanalamba vumbi. Baba mkwe alizunguka lile gari mara mbili, akauliza kwa upole kama kweli chakula hiki chote ni cha kulaliwa na nguruwe. Jirani akasema nguruwe wa Nkwimba sasa wanalala kama maharusi. Watu wakaanza kupita kwetu kuwatazama. Wanapita banda langu bila kugeuka, wanasimama kwa Nkwimba. Na yule Nkwimba anacheka kile kicheko chake.

Daktari naye, nilimhesabia. Alikaa saa moja kwangu na saa moja kwake, kwa saa ya mkononi, bila kupunja. Lakini kwa Nkwimba alikunywa uji. Ijumaa iliyofuata nikampikia uji wenye maziwa na karanga, nikasimama pale mpaka akamaliza bakuli. Halafu akaenda kwa Nkwimba, akanywa na wa kule. Usiku ule sikula.

Ndipo ile asubuhi niliyokuambia. Nilipita nyuma ya banda lake nikawaona wamelala ubavu, wote watano, wamezama kwenye nyasi, jike linakoroma. Wa kwangu walikuwa wanasukumana kwenye udongo, mmoja ana damu mkiani. Machozi yakanitoka. Ningesema niliwaonea huruma wanyama wangu ningekudanganya. Nilimwonea wivu Nkwimba mpaka kwenye nguruwe.

Alipokwenda kisimani, niliingiza mikono nikachota nyasi, mzigo wa kukumbatia, nikakimbia nazo kwangu.

Nikaona tamu. Kesho yake tena. Ikawa ndiyo kazi yangu ya asubuhi, yeye anakwenda kisimani, mimi nachota. Nguruwe wangu wakatulia, mikia ikapona. Jumanne na Ijumaa, kabla Daktari hajafika, nilifagia banda mpaka likawa tupu, nyasi nikazificha. Ningezificha wapi? Nikiwapa ng'ombe wataniuliza zimetoka wapi. Basi, mwanangu, nilizisukuma chini ya kitanda changu cha ndoa. Masanja akawa anapiga chafya, anauliza harufu gani hii. Nikamwambia ni panya.

Hivyo hivyo mpaka mawingu ya mvua za kwanza yakaanza kujikusanya. Daktari alipofungua daftari lake siku ile ya mwisho, alikuwa anakuna kichwa. Wa Nkwimba na wa kwangu, karibu sawa. Wa kwangu hata walikuwa wametulia zaidi kidogo. Hakuelewa. Vitabu alivyosoma vilimwambia vingine, lakini yeye atasema alichokiona. Akatangaza kikao Ijumaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, awaambie wanawake wote wafugaji kwamba kwa mazingira yetu nyasi hazina faida, kila mtu abaki na banda lake kama lilivyo.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikaimba nikitwanga. Shija akaanza kumdhihaki mkewe kwamba miezi yote hiyo amekuwa mtumwa wa nguruwe bure. Nyasi zilizobaki bandani mwake akawapa ng'ombe; zangu zilibaki chini ya kitanda. Siku hizo mbili sikusikia kicheko cha Nkwimba, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Majike yote mawili yalikuwa na mimba na siku zao zilikuwa zimewadia. Alhamisi, jua linaelekea magharibi, tulikuwa nyumbani mimi na Mayu tu, tunachambua choroko. Jike langu lilikuwa halitulii tangu mchana. Linazunguka, linachimba udongo kwa pua, linauma mbao za mlango. Daktari aliwahi kutuambia kwamba jike likikaribia kuzaa hutaka kutengeneza kitanda cha watoto wake, hata kama halina cha kutengenezea. Nilikuwa nimesikia nikasahau. Ghafla mbao zikavunjika, jike likatoka. Nikadhani litakimbilia shambani. Halikwenda shambani. Lilinyoosha pua, likapita kati yetu, likaingia ndani ya nyumba yangu, likaenda moja kwa moja chumbani.

Tulisikia kitanda kinasukumwa. Kisha likatoka na nyasi za mpunga zimejaa mdomoni. Likaenda kona ya banda, likaziweka, likarudi ndani kuchukua nyingine. Mara ya tatu, ya nne. Nilikaa na ungo magotini, nikitamani ardhi inimeze.

Mayu hakuacha kuchambua. Alingoja mpaka jike lilipolala kwenye kitanda chake, ndipo akasema, "Minza. Huyu mnyama nani kamfundisha kwamba chini ya kitanda chako kuna nyasi?"

Nikaendelea kuchambua choroko zilizokwisha kuchambuliwa.

"Niliwapa ndugu wawili siku moja," akasema, "nikidhani nimefunga mlango wa wivu. Kumbe wewe uliuacha wazi kwa ndani. Nyasi ni kitu gani, Minza? Nyasi ungeniomba. Umemchukulia mwenzako ukweli wake. Kesho ataambiwa mbele ya kijiji kwamba kazi yake ilikuwa ya bure, na wewe utakuwa umekaa pale pale unajua. Na wanawake wote watarudi kuwalaza wanyama kwenye udongo kwa sababu yako." Akaweka ungo chini. "Utasema wewe, au nitasema mimi?"

Mwanangu, alisema taratibu. Angepiga kelele ningepata nafuu.

Ijumaa nikasimama kabla Daktari hajaanza. Kanga nimeikunjakunja mkononi. Nikasema yote, ya kisimani, ya kufagia, ya kitandani. Watu walicheka nilipofika kwenye kitanda, Masanja akainamisha kichwa. Nkwimba hakucheka. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi nilidhani wanazila. Kila siku naona zimepungua. Nikawa nakwenda mtoni kukata nyingine nijazie, nisije nikamharibia Daktari kazi."

Mtoni ni mbali. Kiangazi, jua lile. Nilikuwa namwona akitoka kila jioni, na nilikuwa namwonea wivu nikidhani anakwenda kutembea.

Daktari alifungua daftari. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Akachukua kalamu akapiga mstari kwenye kurasa zangu. Kisha akapiga mstari kwenye kurasa za Nkwimba. Nikaruka: "Daktari, za Nkwimba ni za kweli! Yeye hakudanganya!"

"Najua, mama," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini zilikuwa zinasimama juu ya zako."

Akaanza upya kijiji cha Zagayu, na wanawake wengine. Kule tofauti ilionekana wazi, na leo ukipita vijiji vyetu utakuta nyasi kwenye mabanda mengi, wala hakuna anayecheka. Alipomaliza alituletea kitabu chake chembamba. Mbele ameandika majina ya wanawake aliofanya nao kazi, na picha zao na nguruwe wao. Nkwimba aliusoma ukurasa ule akipitisha kidole, jina kwa jina, mpaka mwisho. Akarudi juu akapitisha tena. Halafu akakifunga, akanipa. Jina langu halikuwemo, na nilistahili. Lake mimi ndiye niliyelifuta, na hakuna uji wala nyasi za kulirudisha.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Siku utakapoambiwa ubaki ulivyo huku mwenzako akipewa, usidhani umedharauliwa. Pengine kazi yako ni hiyo, kuwa mkweli mahali ulipo ili ukweli wa mwenzako nao uonekane. Ukichota kwake usiku au mchana, humpunguzii tu yeye. Unajiharibia na wewe, pamoja na watu wa mbali ambao hukuwahi kuwaona. Na wivu ukikushika, useme. Nenda kwa huyo huyo unayemwonea, umwambie kwa mdomo wako, hata kama utaona aibu. Usiuweke chini ya kitanda.

Mimi wangu haujaisha, nisikudanganye. Nkwimba bado yupo, ana mvi, bado anacheka vile vile, na wajukuu wangu bado wanapenda ugali wake. Ukinichoma naenda nina nyasi mkononi, kila majike yake yanapokaribia kuzaa, namwambia, "Nkwimba, leo nimekuonea wivu." Anapokea nyasi, anacheka. Nakaa pale, nakisikiliza kicheko kile kile kilichokuwa kikiniua.

Haya, mwanangu, nenda. Mungu akupe cha kwako, akupe na moyo wa kulala usingizi wakati cha mwenzako kinapendeza. Na jina lako lisikosekane mahali lilipostahili kuandikwa, wala la mwenzako lisikosekane kwa mkono wako. Wabeja, asante kwa kunisikiliza.