Mtoto Niliyemfundisha Kusema Shikamoo

Nauza mapazia. Kwa miaka mingi nimeingia nyumba za watu Arusha nzima kupima madirisha, na fundi akishapanda ngazi wenye nyumba husahau kwamba ana masikio. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipoamua kuasili mtoto kutoka makao ya watoto, nilijua tutasemwa, na karibu nilijua hata maneno yatakayotumika. Jirani yangu hapa Sokon One aliniuliza kama nimetolewa kizazi, na huku anamjua fika mwanangu aliyeko chuo. Shemeji alisema hayo ni mambo ya Wazungu. Mama mmoja wa jumuiya, tena akiwa na kikombe cha chai yangu mkononi, alinishauri nifunge makabati, maana watoto wa makaoni wana mikono mirefu. Waliposikia mtoto mwenyewe ana miaka saba ndiyo kabisa: samaki mkunje angali mbichi, huyo keshakauka.

Niliwacheka wote. Nilikuwa nimekaa kwenye semina ya ustawi wa jamii na kuandika kila kitu kwenye daftari, kwamba mtu hahitaji kuwa tajiri wala mgumba, kwamba mtoto mkubwa naye hupenda na kupendeka. Makabati sikuyafunga. Siku hizi wananiita nikazungumze na wanaotaka kuasili, nami nawasimulia kisa cha makabati mpaka wanacheka. Hiki ninachokiandika hapa sijawahi kuwaambia.

Ujinga wangu mimi haukuwa kwenye daftari. Niliamini kwamba mtoto hawezi kuwa wangu mpaka kwanza aache kuwa wa mtu mwingine.

Mama yake alikuwa amefariki na baba hakujulikana. Alizaliwa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, akalelewa na bibi yake mzaa mama mpaka mguu wa bibi ulipomshinda na akawa hawezi hata kufuata mbuzi. Bibi ndiye aliyempeleka makaoni mwenyewe. Mlezi wa pale aliniambia kwamba tangu siku hiyo bibi hajakosa mwezi hata mmoja; huja na kibuyu cha maziwa mgando, hukaa na mjukuu wake mpaka mchana, kisha hurudi. Katika maelezo yote hayo mimi nilishika moja tu, kwamba alimpeleka mwenyewe. Kwangu mtoto wa makaoni alikuwa mtoto aliyetupwa, na aliyetupa hana neno tena. Pia niliogopa. Nilishasikia juu ya ngazi zangu habari za ndugu wanaosubiri mtoto asomeshwe na watu, halafu wanatokea kumdai.

Basi nikamwomba afisa wa ustawi wa jamii kwamba katika miezi ya kukaa naye kabla ya kwenda mahakamani, bibi asije kwangu. Nilisema mtoto atulie kwanza. Afisa alikuwa binti mdogo. Alijaribu kunieleza kwamba kuonana na ndugu hakumwondoi mtoto kwa mlezi wake, lakini mimi nina mdomo, na siku ile niliutumia wote. Mwishoni akakubali tusubiri.

Siku aliyoletwa, mtoto aliingia sebuleni, akaenda moja kwa moja mbele ya mume wangu, akainamisha kichwa na kusubiri. Kwao Umasaini mtoto haanzi na maneno. Huinama, na mkubwa humwekea kiganja utosini, ndiyo salamu na ndiyo baraka. Sitajitetea kwamba sikujua. Mimi ni Mchaga wa Machame, lakini nimekulia Arusha, na salamu hiyo nimeiona sokoni tangu nikiwa na umri kama wake. Mume wangu alimshika kichwa. Mtoto akaja kwangu, akainama. Nikaweka mikono yangu nyuma.

Nilimwambia, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba hapa nyumbani tunasema shikamoo.

Hakuelewa siku hiyo, wala kesho yake. Kila asubuhi alikuja na utosi wake mbele yangu, na kila asubuhi nilisimama nimefunga mikono mpaka ainue uso na kulitamka lile neno. Ndipo nilipoitikia marahaba na kumpa chai. Mume wangu alipoendelea kumshika kichwa kwa siri kule uani, nilimfokea kwamba anamrudisha nyuma. Mtoto akiosha vyombo aliimba Kimasai, kwa sauti ndogo, nami nikaongeza redio. Nilijiambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baada ya wiki tatu aliacha kuinama, na nyimbo nazo zikaisha, nikaona kazi inakwenda.

Lakini hakuniita kitu. Akinitaka, alikuja akasimama pembeni mpaka nigeuke. Mume wangu alimwita baba tangu mwezi wa kwanza, bila kufundishwa na mtu. Mimi niliyempikia, niliyemsuka nywele, niliyemshonea hata mapazia ya chumba chake yenye vipepeo, sikuwa na jina. Nilitaka aniite mama kuliko nilivyoitaka hiyo karatasi ya mahakama. Nilikuwa nikimsikia akimwita mwenzangu baba, naingia jikoni nalia kwa wivu, mtu mzima mimi.

Mwezi wa saba tangu mtoto aje kwetu, afisa alipiga simu. Kabla faili halijakwenda mahakamani, bibi alipaswa kuweka dole gumba kuonyesha ameridhia, na aliomba amwone mtoto kwanza. Nilijiandaa kwa vita. Nilipanga hata nitakachosema akianza madai yake. Asubuhi ya kwenda ofisini kwa afisa, nikimfunga mtoto viatu, nilimwambia, "Ukimwona bibi, msalimie vizuri kama nilivyokufundisha."

Bibi alikuwa kwenye benchi la barazani, mrefu, mwembamba, na shuka lake la buluu na fimbo ya kuegemea. Alipomwona mtoto alisimama kwa shida. Alisema neno moja la Kimasai, akanyoosha mkono, kiganja kikitazama chini. Aliunyoosha chini mno. Ulikuwa kwenye kimo cha mtoto aliyemwacha, na huyu alikuwa amerefuka. Akaupandisha kidogo, akitabasamu.

Mtoto alimwendea mbio, na nikaona shingo yake inaanza kupinda. Halafu akasita. Aligeuka, akanitazama mimi. Akasimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu na kusema, "Shikamoo, bibi."

Ule mkono ulibaki hewani. Ningeweza kusema neno moja tu, inama mwanangu, na mambo yote yangekaa sawa. Nililipata hilo neno, lilikuwa mdomoni. Nilinyamaza, kwa sababu kuna sehemu ndani yangu iliyofurahi, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Bibi aliitikia marahaba. Aliurudisha mkono taratibu, akaishika fimbo yake. Ofisini hakudai chochote. Aliniuliza kama mtoto anakula, nikasema anakula. Akauliza kama bado anaogopa radi, nikasema sijui, kwa kweli sikujua. Akasema basi, akaweka dole lake kwenye wino na kwenye karatasi. Afisa alipokuwa akimfuta wino, aliniambia kwamba bibi alisharidhia tangu mwezi wa kwanza. Alichoomba miezi yote hiyo ni kumbariki tu mjukuu wake kabla hajawa wetu.

Tulitoka hadi barazani. Bibi akarudi kwenye benchi kumsubiri kijana wa kwao aliyemleta. Nilikuwa natafuta jinsi ya kumuaga, sipati, mtoto aliponivuta gauni. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Nimefanya vizuri, mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza. Bibi alikuwa ameketi hatua tatu kutoka tuliposimama, na Kiswahili anakisikia vizuri. Nikajibu ndiyo.