Chungu cha Navalayo na chupa za mkazamwana

Haya aliyasimulia Emily Navalayo mwenyewe, asubuhi ya Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake nyuma ya soko la Khayega, moto ukiwaka na jasho likimtoka. Hakuficha kitu, hata pale ambapo mwingine angeficha.

Saa kumi na mbili na robo. Moshi umejaa jikoni, na Navalayo ameinama juu ya karai pana. Anageuza kwa mwiko unga wa mahindi alioukanda na kuufunika siku nne mpaka ukachacha. Anaukaanga polepole, unavunjikavunjika, unageuka chenga za rangi ya kahawia.

Chenga hizo atazichanganya na maji na kimea cha wimbi, zikae siku mbili tatu, azichuje kwa kitambaa, iwe busaa. Kazi hii ameifanya miaka thelathini na minne. Hapikii kilabu. Hupikia shughuli za watu, mahari na matanga. Chungu kimoja humpa shilingi elfu mbili, tatu zikizidi, na kuna miezi hapati hata kimoja.

"Ukiwa na haraka, inaungua," anasema. "Na ikiungua, inakuwa na uchungu."

Anatupa jicho kwenye nyumba ya mabati ya buluu ng'ambo ya ua.

"Ingawa siku hizi uchungu ndio unapendwa."

Nyumba hiyo ni ya mwanawe Barasa, mwalimu huko Matungu, ambaye hurudi Ijumaa jioni. Anayekaa humo siku zote ni mke wa Barasa, Jepkosgei, msichana wa Nandi wa miaka ishirini na tisa. Jepkosgei hupima maziwa katika kiwanda kidogo mjini Kakamega. Chuoni alisomea mambo ya vyakula na vinywaji, na huko ndiko alikojifunza kupika bia nyumbani, ile ya rangi ya dhahabu ambayo wenyewe huiita pale ale.

Hapiki ya kuuza. Anapika ndoo moja ya lita ishirini kila mwezi, ya watu wa nyumbani. Anachemsha kimea cha shayiri kwenye sufuria, halafu anatia maua makavu ya kijani yanayoitwa hopsi. Anayatia mara tatu, akitazama saa ya simu. Hayo maua huja kutoka Nairobi kwenye pakiti inayong'aa, na pakiti ndogo tu ni shilingi elfu moja na mia mbili.

"Maua," anasema Navalayo. "Mtu ananunua maua kwa bei ya kuku, halafu anayachemsha."

Lakini harufu yake anaijua vizuri. Ilimfikia siku ya kwanza akiwa anachambua mrenda. Harufu kama ndimu iliyokwaruzwa na nyasi zilizokatwa asubuhi. Alisimama, akanusa, akaketi tena. Hakuipenda hata kidogo, na hakuacha kuinusa.

Kilichomuuma si harufu. Kilichomuuma ni mumewe, mzee George.

George alikuwa mlinzi wa shule upande wa Mukumu mpaka alipostaafu. Kwa miaka yote ya ndoa yao, kikombe chake cha jioni kilitoka mkononi mwa Navalayo. Sasa jioni alianza kuvuka ua. Navalayo akiwa anasonga obusuma, ugali wa jioni, alisikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa huko ng'ambo, psss, kisha mzee akicheka.

"Ile psss," anasema. "Mtu angenipiga kofi ningeona heri."

Siku moja alimuuliza, "Huko unaendanga kufuata nini?"

"Naenda kuonja tu, Mama Barasa."

"Miezi minne unaonja. Hujajua ladha?"

"Ina kaubaridi kazuri," George akasema. "Na haina machicha kwenye meno."

Hayo machicha kwenye meno Navalayo hajayasahau mpaka leo.

Basi mwezi wa nane ukafika, na wazee wa upande wa Protus, kijana aliyemchumbia Awinja, kitinda mimba wa Navalayo na George, wakatuma habari kwamba wangekuja kutoka Lugari Jumamosi kukamilisha mahari. Kwa desturi ya mji wao, mazungumzo yakiisha chungu huwekwa katikati ya sebule, maji moto huongezwa, mirija mirefu huingizwa. Aliyepika busaa ndiye huvuta mrija wa kwanza, wageni wakimtazama, ndipo wazee wainame. Navalayo amevuta mrija wa kwanza katika nyumba za watu mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Kwa binti yake mwenyewe, hiyo ingekuwa mara moja tu maishani.

Jumatano jioni George akarudi kutoka ng'ambo akiwa mchangamfu.

"Nimefikiria," akasema. "Wale wa Lugari ni watu wa suti. Kuinamia chungu watu kumi ni mambo ya zamani. Tuwape chupa, kila mtu na yake. Jepkosgei anasema iko ya kutosha."

"Yeye ndiye amesema?"

"Mimi nimeuliza, yeye amejibu."

Anasema usiku huo aliona waziwazi sebule yake mwenyewe, wakwe wameketi, wote wanasema psss, psss, na yeye amesimama mlangoni na mirija mikononi kama mtu anayeuza fagio.

Kesho yake alikwenda sokoni akanunua chupa kumi na mbili za plastiki za lita moja, zile za soda, pamoja na vifuniko vyake. Akazisugua kwa mchanga na sabuni. Kama wageni walitaka chupa, basi wangepata chupa. Kama walitaka psss, wangeisikia pia.

Alishamwona Jepkosgei akijaza zake. Alimwona akitia sukari kidogo katika kila chupa, akifunga kwa nguvu, akiweka kando. Ijumaa mchana, busaa ilipokuwa tamu barabara, Navalayo naye akaichuja, akajaza chupa zote kumi na mbili, akatia kijiko cha sukari kwa kila moja, na cha pili kwa sababu ya wivu. Hilo la wivu amelisema yeye. Akafunga mpaka vidole vikauma, akazipanga nyuma ya jiko ambako kuna joto. Chungu chake akakifudikiza nje ya jikoni.

Alichokiona kwa Jepkosgei ni sukari na kifuniko. Asichokiona ni kwamba bia ile hukaa wiki mbili kwenye ndoo ikichacha mpaka inachoka, inatulia kabisa, ndipo inafungwa. Busaa hunywewa ingali hai, inachemka yenyewe. Ndiyo maana tangu zamani hakuna aliyewahi kuifunga mdomo.

Jumamosi saa nne asubuhi wageni walifika. Navalayo alichukua chupa moja akaiweka mapema kwenye meza ya sebuleni, ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaenda uani kuwatazama ingokho, kuku wa wageni, kwenye sufuria. Akiwa pale akasikia kutoka upande wa jikoni, psss. Kimya kidogo. Psss. Tena psss.

Akahesabu kumi na moja.

"Nikajua wameshaanza kunywa ya msichana hata kabla ya maombi," anasema. "Nikatia chumvi kwenye kuku mara mbili. Ukiuliza wageni watakwambia."

Mahari ilikubaliwa saa nane. Protus mwenyewe hakuwa ndani, maana mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja. Alikuwa nyumba ya buluu na Barasa, jambo ambalo Navalayo hushukuru kila akikumbuka. Aliingia sebuleni akiwa na kitenge kipya, akaondoa kile kitambaa, akamkabidhi chupa mjomba wa kijana, mzee Wangila, mtu mnene wa suti ya kijivu. Chupa ilikuwa imevimba mpaka kitako kimekuwa mviringo.

"Mama, hii imeshiba," Wangila akasema, akazungusha kifuniko.

Haikusema psss. Ilipiga kama mlango uliosukumwa na upepo. Busaa ikaenda mpaka kwenye dari, ikarudi. Ilimshukia Wangila kwenye kipara, kwenye suti, kwenye karatasi ya makubaliano ya mahari. Chenga moja ikabaki imening'inia kwenye nyusi.

Awinja aliziba uso kwa mikono. Navalayo anasema aliitazama sakafu akitamani ipasuke.

Wangila akalamba mdomo wa juu taratibu.

"Bwana George," akasema, "sisi tumeleta ng'ombe. Hatukuambiwa tutabatizwa."

"Huku kwetu Isukha mtu akipewa binti lazima aoshwe," George akajibu, na sebule nzima ikaangua kicheko. Navalayo peke yake hakucheka. Alisimama na kitambaa chake mkononi, hana chupa, hana chungu.

Hapo ndipo Jepkosgei akaingia kwa mlango wa nyuma. Hakubeba bia yake. Alikumbatia kile chungu, kimeoshwa, kimejaa busaa mpaka shingoni, na begani ameegemeza mirija. Nyuma yake mtu alishika birika la maji moto. Akaketisha chungu katikati ya sebule juu ya kata ya majani ya ndizi, akapiga goti.

"Mama," akasema, "wazee wanakungoja. Vuta."

Navalayo akavuta. Wageni walimtazama, kama ilivyopaswa. Kisha wale watu wa suti wa Lugari wakalegeza tai, wakasogeza viti, wakainama wote, na hawakuinuka mpaka saa kumi na mbili jioni.

Ilikuwa jioni hiyo, wakiosha sufuria, Navalayo alipojua zile psss kumi na moja zilikuwa nini. Asubuhi ile Jepkosgei alikwenda jikoni kutafuta sinia, akakuta chupa zimevimba, akazifungua moja moja polepole zisipasuke, akamimina zote chunguni. Ile ya kumi na mbili hakuiona.

"Kwa nini hukuniita?" Navalayo akamuuliza.

"Ningekuita mbele ya wageni nikwambie nini, Mama?"

Ungedhani hapo moyo ulitulia. Haukutulia. "Nilikasirika zaidi," anasema Navalayo. "Hata mrija wangu wa kwanza, ni yeye alinipa. Ungekuwa wewe ungefurahi?"

Alimwambia vivyo hivyo usoni, akiwa na sufuria mkononi. Na Jepkosgei, ambaye hana maneno mengi, akaweka chini kipande cha chuma cha kusugulia.

"Mama, wewe unanionea wivu mimi?" akauliza. "Bia yangu mtu anaishika chupa yake, anamaliza, anaenda. Leo wale wazee wamekaa kwa chungu chako masaa manne, wanaitana majina ya utani. Mimi nilikuwa dirishani nawaangalia. Hakuna siku watu watakaa hivyo kwa ndoo yangu. Na kimea chako unakifanya kwa gunia na majani ya ndizi tu, mimi changu nakiagiza mbali, kinaisha, nabaki bure. Miezi minne nangojanga unifundishe."

"Hukuuliza."

"Ulikuwa unanuna."

Navalayo anacheka akisimulia hapo, cheko fupi la puani. Alikuwa ananuna, kweli.

Tangu hapo wamekuwa wakijaribu kitu. Navalayo huloweka wimbi, hulifunika kwenye gunia siku tatu, hulianika. Jepkosgei hulichanganya na shayiri kidogo na yale maua ya bei ya kuku. Ndoo ya kwanza ilikuwa mbaya, hata George aliimwaga kwenye migomba kisirisiri. Ya pili waliipika Jumapili. Wanaitaka iwe tayari kwa Krismasi, Awinja atakapokuja na watu wake, na iwekwe meza moja na chungu.

Amemfundisha yote? Navalayo anageuza chenga kwenye karai. "Ile siku ya kutoa wimbi kwenye gunia, hiyo naiangalia mimi," anasema. "Nikimwonyesha hiyo, nitabaki na nini?"

Jambo moja limemfurahisha bila kificho. Nyumba ya mabati huwa na joto mchana, na ndoo hutaka ubaridi. Kwa hiyo ndoo imehamia kwake, kwenye chumba cha ukuta wa udongo, kando ya kitanda. Na mzee George, anayetaka kujua habari za ndoo, siku hizi jioni havuki ua.

Jumapili hiyo, Jepkosgei alipofunga mfuniko na kupachika juu yake kipira chenye maji cha kutolea hewa, alisema bia ikianza kuchacha, maji ya kwenye kipira yatalia, na akaomba aitwe hata kama ni usiku. Navalayo akasema ataitwa.

Saa tatu George alikuwa ameshalala, anakoroma. Ng'ambo, taa ya nyumba ya buluu ilizimwa. Navalayo alikuwa amelala ubavu, uso karibu na ndoo, anangoja.

Ikalia mara moja, blup, kama mtoto anayemeza uji. Akainua kichwa, akatazama dirisha lenye giza ng'ambo ya ua. Ikalia tena.

Kesho atamwambia, akawaza. Au atangoja aulize. Akavuta blanketi, akahesabu mpaka saba, na ya nane hakuisikia.