Sahani Moja Wodini Mbozi

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa kaptula ya kaki iliyonipwaya, nikakabidhiwa ndoo ya bandeji za kufua. Nilidhani dresa, yaani mfunga vidonda, huanza na vidonda. Nilianza na sabuni, huko Saza penye machimbo ya dhahabu, kisha nikahamishiwa hospitali ndogo ya Mbozi.

Huko ndiko alikoletwa Tabita, binti mdogo wa kijiji cha Ihanda. Tangu mama yake azikwe hakuwa amesema neno, na wodini akakataa hata kula. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu hata ungemuuliza asingejibu. Kwa kanuni za wakati ule kila mgonjwa alikuwa na sahani yake ya bati, na ndugu walibaki nje ya ua.

Bwana Mganga, daktari wetu, Mwingereza mkavu wa maneno, alisema, "Asipokula, lori lijalo litampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili." Ilikuwa mbali mno. Bibi yake Tabita aliposikia alinishika mkono.

"Mwanangu, kwetu mtoto hali peke yake. Anayetengewa chakula ni aliyekosana na watu wake. Huyu anadhani tumemtupa."

Nilimfikishia Bwana Mganga maneno hayo. Akasema, "Mama yangu alikufa nikiwa shule ya bweni. Waite."

Bibi na shangazi yake Tabita wakaingia, wakatandika mkeka, wakaweka ugali wa ulezi na maharage katikati. Hakuna aliyemega.

"Nyoosha mkono, Tabita," bibi akasema. "Tunakusubiri."

Chakula kikapoa. Kesho yake kikapoa tena, shangazi akisimulia visa vya mbuzi wake mwizi. Siku iliyofuata Tabita alimega tonge, akaliweka mkononi mwa bibi yake. "Bibi, kula."

Lori liliondoka bila yeye. Kupona kulichukua miezi, huko kwao, akilala kitanda kimoja na shangazi. Kuanzia hapo ndugu za watoto waliruhusiwa kuingia wodini, nami nilifanya kazi kwa moyo mweupe hadi nilipostaafu.

Mwaka jana nilifiwa na mke wangu. Nikawa nasukuma sahani kando, nasema sina njaa. Binti yangu akaiondoa, akaweka ugali katikati ya wajukuu. Hakuna aliyemega.

"Nyoosha mkono, baba. Tunakusubiri."

Machozi yalinitoka, nami namshukuru Mungu kwa machozi yale. Nilimega tonge, nikampa mjukuu aliyekuwa karibu. Ndipo nikala.