Regulata Yangu Yaenda Mbale

Nilitoka Jinja kwa sababu dada yangu Halima alikuwa anashindwa kupumua. Wafula, dereva wa lori kutoka Kenya, ndiye aliyeleta habari: amelazwa Mbale kwa homa ya mapafu, mtungi wa oksijeni upo, ila regulata, kile kichwa chenye saa kinachopunguza kasi ya hewa, iliporwa wakati wa vita. Mimi ni mchomeleaji wa vyuma. Niliing'oa yangu kwenye mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, nikaifunga kwenye kanga, tukaondoka.

Kabla ya Tororo tulikuta kizuizi. Siku hizo sisi Wanubi tulitazamwa kwa jicho baya. Kiswahili chetu tu kilitosha kutufanya tuonekane askari wa serikali iliyoanguka.

"Hii nini? Bomu?" aliuliza askari aliyekuwa anasafisha bunduki.

"Hapana, afande. Ya oksijeni. Mgonjwa iko Mbale."

Aliigeuzageuza, kisha, kwa wema wake, akapaka mafuta ya bunduki kwenye nyuzi zake za skrubu za kufungia. "Sasa itaingia muzuri. Enda."

Nilishukuru, nikaifunga tena kwenye kanga. Mafuta yakikutana na oksijeni ya mtungi hulipuka, kila mchomeleaji anajua. Lakini ningewezaje kumwambia italipuka, naye ameshataja bomu?

Tororo niliomba maji moto na sabuni kwa mama muuza chai. Nilisugua, nikasuuza, nikasugua tena.

"Bwana, hata chuma inaoga?" alicheka. Mimi sikucheka.

Mbale, Halima alikuwa na midomo ya bluu. Muuguzi aliitazama regulata kwa mashaka. "Ya welding? Mtungi yetu ilitoka nchi ingine. Itaingia kweli?"

"Itaingia, sista. Kipimo cha nyuzi za oksijeni viwanda vya nchi nyingi vilikubaliana zamani, na hakikufichwa."

Hilo sikuwa na shaka nalo. Niliogopa mafuta. Niliwaomba wote watoke nje, mtungi nikauburuta hadi ukumbini, mbali na kitanda. Nyuzi zilishikana kama zimezaliwa pamoja. Nikageuza uso, nikasoma Bismillahi, nikafungua polepole. Hewa ikapuliza tu. Nikaurudisha mtungi kwa Halima, muuguzi akamvisha barakoa ya hewa, ndipo nikakaa sakafuni nikalia.

Nilirudi Jinja mikono mitupu. Regulata ilibaki na Halima, aliyeanza kuomba uji. Njiani niliwaza watu nisiowajua, waliokaa mahali wakakubaliana upana wa uzi, wasiufanye siri yao. Bila wao ningemzika dada yangu.

Kizuizini askari ni yuleyule. "Iliingia?"

"Iliingia, afande."

"Si nilikuambia? Mafuta!"

Nikamshukuru mara ya pili, nikapita.